Kisinga ilivyowapokea watu wa kujitolea bila kuwapa mkono

KASESE, Uganda

Mgeni akifika Kisinga, si ajabu kuulizwa kwanza: kwenu wewe ni wa ngapi kuzaliwa? Jibu lake ndilo linalompa jina. Mwanamume mzaliwa wa kwanza huitwa Mumbere, wa pili Baluku. Mwanamke wa kwanza ni Masika, wa pili Biira. Hata Mfalme wa Rwenzururu, Charles Mumbere, ana jina la namna hiyo. Baada ya jina huja bundu, ugali wa muhogo, na sombe, na hapo mgeni huhesabiwa mtu wa nyumbani.

Juni 2019 ukarimu huo uliingia kwenye mtihani. Mtoto wa miaka mitano aliyevuka mpaka kutoka DRC na familia yake alifikishwa Hospitali ya Kagando, hapahapa Kisinga. Juni 11 ikathibitishwa kuwa ni ebola. Mtoto huyo na bibi yake walifia Bwera, na mdogo wake alifariki baada ya kurudishwa DRC.

Wahudumu wa afya wa vijiji na vijana wa kujitolea wa Msalaba Mwekundu wakaanza kupita nyumba kwa nyumba. Kushikana mikono kukapigwa marufuku, jambo zito kwa Wakonzo, ambao salamu yao haina haraka. Mwenyeji akabaki na neno tu, "Wabukire", akilitamka akiwa amesimama mbali kidogo, na ndoo ya maji ya kunawa ikawa ndiyo karibu yenyewe. Milango, hata hivyo, ilifunguliwa.

Ng'ambo ya mpaka wa Mpondwe haikuwa hivyo. Wanande wa Beni na Butembo ni ndugu wa Wakonzo, lugha zao zinasikilizana na majina yao yanafuata mpangilio uleule wa kuzaliwa. Lakini Aprili 19, 2019, Dk. Richard Mouzoko wa Shirika la Afya Duniani aliuawa kwa risasi mjini Butembo, akiwa kazini. Watu wa huko walikuwa wamechoshwa na miaka ya mauaji, kisha uchaguzi wa Desemba 2018 ukaahirishwa kwao kwa sababu iliyotajwa kuwa ebola na usalama. Timu za afya zilipofika na walinzi wenye bunduki, wengi waliona siasa, si tiba.

Kisinga aliyebisha hodi alikuwa Biira wa jirani. Mama wa nyumba alimjua tangu utotoni, akamuuliza maswali yote kwa Lukonzo, hata yale ya kuudhi.

DRC ilipoteza watu 2,287 hadi mlipuko ulipotangazwa kwisha Juni 25, 2020. Kwa upande wa Uganda, hakuna aliyeambukizwa ndani ya nchi.

Mhudumu wa afya wa kijiji hana mshahara. Ugonjwa ulipotulia, Biira alirudi shambani kwake, kwenye kahawa.