Kupachika Michoro ya Kifonetiki katika Faili za PDF: Hitilafu na Utatuzi Wake

1.0 Utangulizi

Mwanaisimu wa leo hachori tena grafu zake kwa rula na kalamu. Huandika msimbo, programu ikachora, na mchoro ukapachikwa katika tasnifu ya PDF. Miongoni mwa programu zitumikazo ni R, ambayo toleo lake la 1.0.0 lilitolewa mwaka 2000. Njia hii ina manufaa mengi, lakini ina hitilafu zake pia. Baadhi ya hitilafu hizo haziharibu sura ya ukurasa tu, bali huharibu ushahidi wenyewe.

2.0 Hatua Tatu za Mchoro

Mchoro hupitia hatua tatu: kuchorwa, kuhifadhiwa na kupachikwa. Kanuni ya kwanza ni kubainisha hatua iliyoharibika kabla ya kuugusa msimbo. Njia rahisi ni kulifungua faili la mchoro peke yake, nje ya tasnifu.

Likifunguka vyema, kosa limo katika kupachika: aghalabu jina la faili au la folda limekosewa, au aina ya faili haikubaliki. Programu ya pdfLaTeX, kwa mfano, hupokea PDF, PNG na JPEG. Faili likikataa kufunguka, mara nyingi amri ya dev.off() imesahauliwa, hivyo faili halijafungwa.

Likifunguka lakini maandishi yana ukungu, tatizo ni uchache wa pikseli. Amri ya png(), isipopewa vipimo, hutoa picha ya pikseli 480 kwa 480. Katika uchapaji wa nukta 300 kwa inchi, picha hiyo hutosha upana wa inchi 1.6 tu, yaani sentimita 4 hivi. Dawa yake ni kuuhifadhi mchoro kama PDF, ambamo mistari hubaki mistari na haififii inapokuzwa.

3.0 Hitilafu Isiyojitangaza

Dawa hiyo nayo ina mtego wake. Konsonanti za mwanzo za maneno baba na dada aghalabu hutamkwa kwa kufyonza hewa ndani, na wanafonetiki huziandika ɓ na ɗ. Amri ya kawaida ya pdf() hutumia orodha finyu ya herufi isiyo na alama hizo, nayo huweza kuweka nukta mahali pake. Matokeo ni grafu safi yenye mistari miwili, yote ikiwa na lebo ileile ya nukta. Msomaji hawezi kujua upi ni wa ɓ na upi ni wa ɗ, ilhali tofauti hiyo ndiyo hoja ya utafiti.

Utatuzi ni kutumia cairo_pdf() na kutaja fonti yenye alama za kifonetiki, kama vile Charis SIL au Doulos SIL, iliyokwisha kusakinishwa katika kompyuta. Kisha programu ya pdffonts itumike kuhakikisha kwamba fonti imo ndani ya faili; la sivyo, kompyuta nyingine huenda ikaweka fonti yake.

4.0 Hitimisho

Mchoro usiotokea humsumbua mwandishi siku hiyohiyo, naye huurekebisha. Mchoro uliopoteza alama zake hupita kimya hadi maktabani. Kwa hiyo, kabla ya tasnifu kuwasilishwa, kila lebo isomwe kwa macho katika nakala iliyochapwa na kulinganishwa na jedwali la data.