Mchujo au Mtoano? Kadhia ya Ubingwa wa Futiboli ya Vyuo Vikuu vya Marekani

Utangulizi

Katika Kiswahili cha michezo, maneno mchujo na mtoano hutumiwa mara nyingi kana kwamba yana maana moja. Hata hivyo, maumbo yake yanadokeza tofauti muhimu. Mchujo unatokana na kitenzi chuja. Anayechuja tui huwa nje ya tui lenyewe. Yeye ndiye mwenye chujio mkononi, na ndiye aamuaye kipi kipite na kipi kibaki. Mtoano, kwa upande mwingine, unatokana na toana, kitenzi chenye kiambishi cha kutendana. Wanaotoana wako uwanjani wenyewe kwa wenyewe, na hakuna mtu wa tatu anayewaamulia.

Makala haya yanadhamiria kueleza kadhia iliyodumu kwa miongo mingi nchini Marekani, na ambayo kiini chake ni tofauti hiyo. Ni kadhia ya namna ya kumpata bingwa wa futiboli ya vyuo vikuu. Kwa zaidi ya nusu karne, bingwa huyo alipatikana kwa kura. Waliodai mabadiliko walitaka apatikane kwa mtoano. Walipofanikiwa hatimaye, ilidhihirika kwamba mchujo haukuwa umeondoka. Ulikuwa umesogea tu.

Mchezo Wenyewe na Tatizo la Hesabu

Futiboli ya Kimarekani si kandanda. Mpira wake una ncha mbili na huchukuliwa kwa mikono. Wachezaji 11 wa kila upande hupigania kila hatua ya ardhi kuelekea mwisho wa uwanja wa wapinzani. Mechi inayotambuliwa kuwa ya kwanza baina ya vyuo ilichezwa kati ya Rutgers na Princeton tarehe 6 Novemba 1869, ingawa kanuni zake zilikaribia zaidi zile za kandanda. Tangu hapo mchezo huu umekuwa sehemu ya maisha ya vyuo hivyo, na viwanja vya baadhi yavyo huketisha zaidi ya watazamaji 100,000.

Tatizo la ubingwa linaanzia kwenye hesabu. Katika ligi kuu ya Kenya, kila timu hukutana na kila nyingine, nyumbani na ugenini, kisha pointi huamua. Jambo hilo haliwezekani katika daraja la juu la futiboli ya vyuo vya Marekani. Timu zake ni zaidi ya 130, ilhali kila moja hucheza mechi 12 tu katika msimu wa kawaida, kwa sababu mchezo wenyewe huuchosha na kuuumiza mwili kiasi kwamba mechi moja kwa wiki ndiyo desturi. Aidha, timu hizo zimegawanyika katika ligi za kikanda, na nyingi hazikutani kamwe. Hivyo basi, timu mbili zinaweza kumaliza msimu bila kushindwa na bila kuonana. Ni ipi bora?

Bakuli na Kura

Jibu la kwanza lilikuwa mechi za mwaliko. Tarehe 1 Januari 1902, waandalizi wa tamasha la maua mjini Pasadena, California, walialika Michigan na Stanford. Michigan ikashinda 49 kwa 0. Mechi hiyo baadaye ilikuja kuitwa Rose Bowl, yaani Bakuli la Waridi, kutokana na umbo la uwanja uliojengwa mjini humo. Katika miaka ya 1930 miji mingine yenye majira ya baridi yasiyo makali iliiga mfano huo ili kuvutia wageni, na hivyo zikazaliwa Orange Bowl, Sugar Bowl na Cotton Bowl. Ni muhimu kusisitiza kuwa lengo la bakuli hizi halikuwa kumtafuta bingwa wa taifa. Lilikuwa kujaza viwanja na hoteli.

Jibu la pili lilikuwa kura. Mwaka 1936 shirika la habari la Associated Press lilianza kuchapisha kila wiki orodha ya timu bora kwa mujibu wa kura za wanahabari. Mwaka 1950 ikaanzishwa kura ya makocha. Kwa miaka mingi kura ya mwisho ya wanahabari ilipigwa kabla ya mechi za bakuli kuchezwa. Ni kuanzia msimu wa 1968 ndipo walipoanza kungoja daima matokeo yake. NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, hakikuwahi kutoa ubingwa rasmi katika daraja hilo la juu. Ajabu ni kwamba chama hicho hicho kiliandaa mtoano wa mpira wa vikapu tangu 1939, na mtoano wa futiboli katika madaraja ya chini tangu miaka ya 1970.

Matokeo ya utaratibu huu yalikuwa mabingwa wawili wa taifa kwa msimu mmoja. Mwaka 1990 wanahabari waliichagua Colorado, makocha wakaichagua Georgia Tech. Mwaka 1991 walitofautiana tena kuhusu Miami na Washington. Mfano ulio wazi zaidi ni wa 1997. Michigan na Nebraska zilimaliza msimu bila kushindwa, lakini ligi ya Michigan ilikuwa na mkataba wa kumpeleka bingwa wake Rose Bowl, ilhali Nebraska ilicheza Orange Bowl. Zote zilishinda. Kila moja ikapewa taji na kundi moja la wapiga kura, na swali la nani angemshinda mwenzake likabaki bila jibu hadi leo.

Mfumo wa BCS na Malalamiko

Mwaka 1998 ligi kubwa ziliunda mfumo uliojulikana kwa herufi BCS. Mfumo huu ulichanganya kura na hesabu za tarakilishi ili kuteua timu mbili, nazo zikakutana katika mechi moja ya ubingwa. Kwa nadharia, ugomvi ulikuwa umekwisha. Kwa hakika, ulikuwa umeongezewa kuni.

Katika msimu wa 2001, Nebraska ilifungwa na Colorado 62 kwa 36 katika mechi yake ya mwisho ya kawaida, lakini ikateuliwa kucheza mechi ya ubingwa. Ilishindwa na Miami 37 kwa 14. Msimu wa 2003 ulikuwa na kioja kikubwa zaidi. USC iliongoza katika kura ya wanahabari na ile ya makocha pia, lakini hesabu za mfumo ziliiweka nje. Oklahoma, iliyokuwa imetoka kuchapwa 35 kwa 7 katika fainali ya ligi yake, ilibaki kileleni. LSU iliishinda Oklahoma 21 kwa 14 na kutwaa taji la mfumo. Wanahabari nao wakaipa USC taji lao. Mfumo ulioundwa ili kuondoa mabingwa wawili ulikuwa umewazaa tena.

Mwaka uliofuata, Auburn ilishinda mechi zake zote 13 bila kupewa nafasi ya kugombea ubingwa. Mwishoni mwa 2004 Associated Press ililiondoa jina lake katika mfumo huo. Katika msimu wa 2008, Utah ilimaliza bila kushindwa na kuiangusha Alabama 31 kwa 17 katika Sugar Bowl, lakini kwa kuwa haikutoka katika ligi kubwa, haikuwahi kukaribia mechi ya ubingwa. Hapa ndipo kadhia ilipogeuka kutoka suala la takwimu na kuwa suala la haki. Kijana aliyejiunga na chuo cha ligi ndogo angeweza kushinda kila mechi aliyopangiwa na bado aambiwe kwamba ubingwa haukuwa umewekwa mahali ambapo mkono wake ungefika.

Hoja za Pande Mbili

Watetezi wa mfumo wa zamani walikuwa na hoja nne kuu. Kwanza, walidai kwamba mtoano ungepunguza uzito wa msimu wa kawaida, ambapo kila mechi ilikuwa ya kufa na kupona. Pili, ungeua mila ya mechi za bakuli. Tatu, ungeingilia mitihani ya Desemba. Nne, ungeongeza majeraha kwa wanafunzi.

Wapinzani wao walijibu kwamba hoja ya mitihani haikuwa na mashiko, maadamu vyuo vya madaraja ya chini vilicheza mtoano wao Desemba hiyo hiyo. Kuhusu mila, walionyesha kwamba waandalizi wa bakuli walikuwa na maslahi ya fedha katika kile walichokiita urithi. Wahenga walisema, mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Mwaka 2011 Fiesta Bowl ilimfuta kazi mkurugenzi wake baada ya ripoti kufichua kwamba wafanyakazi walikuwa wakirudishiwa fedha walizowachangia wanasiasa. Tukio hilo liliwapa wapinzani ushahidi walioutafuta.

Siasa nayo haikukaa kando. Mnamo Novemba 2008 Barack Obama, akiwa rais mteule, alisema hadharani kwamba anaunga mkono mtoano wa timu nane. Mwaka 2009 Seneta Orrin Hatch wa Utah alishiriki katika kikao cha kuuhoji mfumo kwa misingi ya sheria za ushindani wa kibiashara. Mwaka huo huo mswada wa mbunge Joe Barton wa Texas, uliokusudia kuzuia mechi yoyote isiyotokana na mtoano kutangazwa kuwa ya ubingwa wa taifa, ulipita katika kamati ndogo ya Bunge, ingawa haukuwahi kuwa sheria.

Kilichouvunja mfumo hatimaye hakikuwa sheria. Mnamo Januari 2012 mechi ya ubingwa ilizikutanisha LSU na Alabama, timu mbili za ligi moja zilizokuwa zimekwisha kukutana miezi miwili kabla. LSU ilikuwa imeshinda ya kwanza. Alabama ikashinda ya pili 21 kwa 0 na kutawazwa. Ligi nyingine ziliona kwamba zimefungiwa nje kabisa. Mnamo Juni 2012 viongozi wa vyuo waliidhinisha mtoano wa timu nne, kuanzia msimu wa 2014.

Kutoka Timu Nne hadi Kumi na Mbili

Mtoano wa kwanza uliwathibitisha waliouomba. Kamati ya uteuzi iliiweka Ohio State katika nafasi ya nne, nafasi ambayo chini ya utaratibu wa timu mbili isingekuwa na maana yoyote. Ohio State iliitoa Alabama 42 kwa 35, kisha mnamo Januari 2015 ikaishinda Oregon 42 kwa 20. Timu ambayo wakadiriaji waliiona ya nne ilikuwa imethibitisha uwanjani kwamba makadirio si matokeo.

Hata hivyo, nafasi nne zilihitaji mtu wa kuzigawa. Katika msimu wa 2017, UCF ilishinda mechi zake zote bila kualikwa. Mwaka 2023 ulileta uamuzi uliozua hasira kubwa zaidi. Florida State, bingwa wa ligi kubwa aliyeshinda mechi 13 kati ya 13, iliachwa nje, na nafasi ikapewa Alabama iliyokuwa imepoteza moja. Sababu kubwa iliyotolewa na kamati ilikuwa kuumia kwa mchezaji aliyeongoza mashambulizi yake. Timu haikuhukumiwa kwa yale iliyoyatenda bali kwa yale iliyokadiriwa kwamba isingeyaweza. Ni vigumu kupata mfano bora wa mchujo unaojidai kuwa mtoano.

Kuanzia msimu wa 2024 idadi iliongezwa hadi timu 12, na nafasi tano zikatengewa mabingwa wa ligi ili ligi ndogo nazo zipate mlango. Ohio State, iliyokuwa imeshindwa mara mbili, ilishinda mechi nne mfululizo na kutwaa taji mnamo Januari 2025 kwa kuilaza Notre Dame 34 kwa 23. Haki inadai kukiri kwamba onyo la watetezi wa zamani lilitimia kwa kiasi. Moja ya mechi ambazo Ohio State ilipoteza ilikuwa dhidi ya Michigan, hasimu wake mkuu, ambayo haikuwa hata miongoni mwa zile 12. Zamani kipigo kama hicho kingeweza kuzika msimu mzima.

Gharama nyingine iliwaangukia wachezaji. Ohio State ilicheza mechi 16 msimu huo. Kwa muda mwingi wa mjadala huu, ligi, vyuo, bakuli na vituo vya runinga viligombania mapato huku kanuni zikiwazuia wachezaji kulipwa. Ni mwaka 2021 ndipo waliporuhusiwa kunufaika na majina yao, na 2025 ndipo vyuo viliporuhusiwa kuwalipa moja kwa moja. Katika miaka yote ya kubishana kuhusu haki ya timu, haki ya anayeumia uwanjani ilikuwa ya mwisho kusikilizwa.

Hitimisho

Ni dhahiri kwamba mtoano haukukomesha malalamiko, na hakuna idadi ya timu itakayoyakomesha. Penye nafasi 12, wa 13 atalalamika. Lakini malalamiko hayalingani uzito. Auburn ya 2004 ilinyimwa nafasi bila kosa lolote. Timu ya 13 ya leo, kwa kawaida, imekwisha kushindwa mara mbili au tatu, na mlango iliufunga yenyewe. Hilo ndilo lililopatikana katika harakati hizi: chujio lingali mikononi mwa kamati, lakini matundu yake yamepanuliwa kiasi kwamba aliyeshinda kila mechi ni nadra mno kubaki ndani yake. Mchujo usipoepukika, basi na ufanywe mbali na kilele, ili wanaostahili kilele wakitafute kwa kutoana.