Kiwanja Kitulivu si Kiwanja Kitupu: Jinsi Ndege Ndogo Zinavyopishana Mara Bila Mnara wa Kuongoza

Mkazi anayepita karibu na kiwanja cha ndege cha Keekorok, Ol Kiombo, Musiara au Kichwa Tembo huona njia ndefu iliyosawazishwa, kibanda cha abiria, magari machache ya watalii na ukimya. Hakuna mnara wa kuongozea ndege kama ule wa Wilson, jijini Nairobi. Ni rahisi kudhani kwamba mahali pale hapana kazi hadi ndege itakapoonekana. Dhana hiyo ni ya hatari. Huenda wakati huohuo marubani wawili au watatu wanaambiana kwa redio nani atatangulia kutua, na wa kwanza amebakiza dakika mbili tu.

Makala haya yanaeleza jinsi ndege zinavyopishana kwa usalama katika viwanja hivyo, na kwa nini sehemu ya usalama huo imo mikononi mwa wakazi wenyewe.

Nani anaongoza pasipo na mnara?

Katika kiwanja chenye mnara, waongozaji wa ndege humwambia rubani lini atue, lini aruke na lini asubiri. Katika kiwanja kisicho na mnara, hakuna anayetoa ruhusa hiyo. Marubani wenyewe hupangana kwa kufuata kanuni moja inayojulikana na wote. Hali hii si ya Narok pekee. Duniani kote, viwanja vingi vidogo havina mnara, kwa kuwa idadi ya ndege haitoshi kuajiri waongozaji wa kukaa hapo kutwa.

Hata hivyo, anga ya Mara huwa na shughuli nyingi, hasa msimu wa nyumbu kuhama, kati ya Julai na Oktoba. Ndege moja kutoka Wilson inaweza kutua katika viwanja vitatu au vinne katika safari moja, ikishusha na kupakia abiria kwa dakika chache kila mahali. Alfajiri kuna pia maputo ya hewa moto yanayobeba watalii. Kanuni za anga zinaitaka ndege yenye injini ilipishe puto, kwa sababu puto huenda linakopelekwa na upepo.

Redio: kusema uko wapi na unataka nini

Kinga ya kwanza ni redio. Rubani anayekaribia kiwanja hutangaza kwenye masafa yanayotumiwa na marubani wote wa eneo lile. Hutaja jina la kiwanja, utambulisho wa ndege yake, mahali alipo, urefu anaoruka na anachokusudia kufanya. Kisha husikiliza. Jina la kiwanja lina uzito mkubwa, kwa sababu viwanja vya Mara viko karibu karibu na marubani wa viwanja kadhaa husikilizana.

Akisema anatua kwenye njia namba 09, wenzake wanaelewa kwamba anaelekea mashariki, kwa kuwa namba hiyo hutokana na nyuzi 90 za dira. Njia hiyohiyo ikitumiwa kuelekea magharibi huitwa namba 27. Upande wa kutua huamuliwa hasa na upepo, kwani ndege hutua na kuruka ikiukabili. Ndiyo maana kila kiwanja kinahitaji mfuko wa kitambaa juu ya mlingoti wa kuonyesha upepo. Anayeung'oa au kuuchana mfuko huo anamnyima rubani habari muhimu.

Macho: kwa sababu redio haitoshi

Redio inaweza kuharibika, kuwekwa kwenye masafa yasiyo sahihi au kuzibwa na watu wawili wanaozungumza kwa pamoja. Kwa hiyo kinga ya pili ni macho. Ndege mbili zinazokabiliana, kila moja ikienda kilomita 250 kwa saa, humaliza kilomita tatu zilizo kati yao kwa takriban sekunde 22.

Ili kila rubani ajue pa kumtafuta mwenzake, ndege huzunguka kiwanja kwa utaratibu mmoja kabla ya kutua. Kwa kawaida huwa takriban mita 300 juu ya ardhi, na hupinda kushoto isipokuwa kiwanja kimewekewa utaratibu tofauti. Inayotua ina haki ya kutangulia kuliko iliyo chini. Zikiwa mbili zinakuja kutua, iliyo chini zaidi hutangulia, lakini hairuhusiwi kutumia kanuni hiyo kumkatiza mwenzake aliyekwisha kunyoosha kuelekea njia.

Fundisho la Quincy

Ajali moja nchini Marekani inaonyesha kinachoweza kutokea kinga hizo zikishindwa. Tarehe 19 Novemba 1996, katika kiwanja kisicho na mnara cha Quincy, jimbo la Illinois, ndege ya abiria ilikuwa inakuja kutua. Ndege nyingine mbili zilikuwa chini, zikingoja kuruka kwenye njia inayokatana na ile ya kutulia. Marubani wa ndege ya abiria waliuliza kwa redio kama ndege iliyotangulia kwenye foleni ingesubiri. Iliyoulizwa haikujibu. Aliyejibu ni rubani wa ndege ya nyuma yake, akisema kwamba yeye anasubiri, na sehemu ya maneno yake haikusikika vizuri. Marubani wa ndege ya abiria waliamini wamejibiwa na ile ya mbele, wakaendelea kutua. Ndege ya mbele ikaanza kuruka, na mbili hizo zikagongana pale njia zinapokatana.

Watu wote 14 waliokuwa ndani yake walifariki. Wengi hawakuuawa na kishindo cha kugongana bali na moto na moshi, kwa kuwa mlango wa ndege ya abiria haukufunguka na kikosi cha zimamoto hakikuwepo kiwanjani. Wachunguzi walisema chanzo kikuu ni marubani wa ndege iliyokuwa ikiruka kutosikiliza redio ipasavyo na kutoangalia vizuri kama kuna ndege nyingine.

Kwa hiyo kiwanja kisicho na mnara hakina nafasi kubwa ya makosa, na msaada ukihitajika huwa mbali. Hii ndiyo sababu kila mtu aliye karibu nacho ana wajibu.

Njia iliyo wazi: sehemu ya mkazi

Kinga ya tatu ni njia kuwa wazi, na hapa mfugaji, mwendesha boda boda na mtoto wa shule wana nafasi kubwa kuliko rubani. Ndege ndogo ya abiria hukaribia ardhi kwa mwendo wa takriban kilomita 150 kwa saa, yaani zaidi ya mita 40 kila sekunde. Haiwezi kukwepa ng'ombe kama gari linavyokwepa. Injini hupunguzwa nguvu wakati wa kutua, hivyo mtu aliye upande ambao upepo unatokea anaweza kuchelewa kuisikia.

Viwanja vya Mara viko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huko ni nyepesi, hasa adhuhuri jua linapokuwa kali, na ndege huhitaji njia ndefu zaidi kupaa. Rubani anayelazimika kukatiza safari yake kwa sababu ya pundamilia au mbuzi anaweza kukosa mahali pa kusimama. Ndiyo maana mara nyingine ndege hupita chini juu ya njia bila kutua. Si mchezo wala maonyesho: rubani anakagua kama kuna wanyama, au anawafukuza. Akipita hivyo, atarudi baada ya dakika chache, na huo ndio wakati wa kuondoa mifugo na kukaa mbali.

Wakazi wanahimizwa kuzingatia yafuatayo:

- Wasilishe mifugo ndani ya kiwanja, hata nyasi za hapo zikiwa nzuri wakati wa kiangazi.
- Wasikatize njia ya ndege kwa miguu, pikipiki au gari. Wazunguke, hata kama anga inaonekana tupu.
- Wasitupe taka wala mizoga karibu na kiwanja. Huvutia tumbusi na korongo, na ndege mmoja mkubwa anaweza kupasua kioo cha rubani au kuharibu injini.
- Wasirushe droni karibu na kiwanja. Urushaji wa droni nchini unasimamiwa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga (KCAA) na unahitaji idhini.
- Wasiisogelee ndege ambayo rafadha yake inazunguka. Ikizunguka kwa kasi, rafadha huwa haionekani.
- Wakiona ua umevunjika, shimo kwenye njia au mlingoti wa upepo umeanguka, wamwarifu msimamizi wa kiwanja, askari wa hifadhi au chifu siku hiyohiyo.
- Ajali ikitokea, wapige 999 au 112 na kutaja jina la kiwanja. Wakishaokoa watu, wasiondoe kipande chochote cha ndege, kwa kuwa wachunguzi watakihitaji.

Viwanja hivi si vya watalii peke yao. Ndege za madaktari pia hutua humo kumchukua mama aliyezidiwa na uchungu wa kujifungua, aliyeumwa na nyoka au aliyejeruhiwa na nyati, na kumfikisha Nairobi kwa muda usiozidi saa moja, safari ambayo kwa barabara humaliza nusu ya siku. Mgonjwa huyo anaweza kuwa wa boma lolote. Siku hiyo, rubani anayekuja kumchukua atahitaji kukuta njia haina ng'ombe.