Dakika Nne za Tarehe ya Vita

Mto Kagera hukusanya maji yake katika vilima vya Burundi na Rwanda, ukaporomoka Rusumo mpakani mwa Tanzania, ukapita katika nchi ya Karagwe na Missenyi, na mwishowe ukamimina yote uliyoyabeba katika Ziwa Victoria, upande wa Uganda, mwendo mfupi kaskazini ya mpaka wetu. Mwaka 1994 mto huo ulibeba maiti za watu waliouawa Rwanda. Watu wa mwambao wa Uganda waliziopoa, wakazisitiri, na leo katika makaburi ya Kasensero, Lambu na Ggolo wamelala watu zaidi ya 10,000. Na samaki, ambaye ni riziki ya ziwa zima, kwa kitambo walaji wa huko walimwepuka kwa hofu na huzuni. Basi kijana anayesomea ualimu Butimba, ambaye maji anayokunywa yanavutwa katika ziwa hilohilo, hawezi kuambiwa kwa insafu kwamba vita vya Rwanda ni habari ya ugenini.

Nimelitanguliza jambo hili kwa kuwa kufundisha tarehe ya vita vya wenyewe kwa wenyewe kwa njia ya video fupi aghalabu huzungumzwa kama suala la vyombo tu: projekta ipi, simu ipi, bando kiasi gani. Vyombo vina mahali pake, nami nitavitaja. Lakini kabla ya vyombo kuna amana, kwa maana mwalimu anayewasha video hiyo amekabidhiwa macho na masikio ya watoto arobaini kwa wakati mmoja, na picha iliyoingia moyoni mwa mtoto haifutiki kwa urahisi ule inaofutika chaki ubaoni.

Wanafunzi wetu wanavijua vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979, na daraja la Kyaka lililobomolewa na majeshi ya Idi Amin. Vita hivyo husimulika bila taabu kubwa, kwa sababu adui alitoka ng'ambo ya mpaka na aliyeshambuliwa yu dhahiri. Vita vya wenyewe kwa wenyewe havina mpaka wa namna hiyo. Mstari hupita katikati ya kijiji, darasa, na pengine nyumba moja. Vya Rwanda vilianza tarehe 1 Oktoba 1990, wapiganaji wa chama cha waasi cha RPF, wengi wao wana wa wakimbizi wa zamani, walipoingia kutoka Uganda. Vikasimamishwa kwa mkataba uliotiwa saini Arusha tarehe 4 Agosti 1993. Na usiku wa tarehe 6 Aprili 1994 ndege ya Rais Juvénal Habyarimana, aliyekuwa akirejea kutoka mkutanoni Dar es Salaam pamoja na Rais Cyprien Ntaryamira wa Burundi, ilitunguliwa karibu na Kigali. Tanzania imo katika kila ukurasa wa habari hiyo.

Hapa ndipo ufupi wa video unapodai hadhari kubwa. Mtengenezaji mwenye haraka atasema kwamba makabila mawili yalipigana na watu wengi wakafa, naye atadhani ametimiza kazi. Hakuitimiza, ameipotosha. Palikuwa na vita baina ya majeshi mawili, na palikuwa na mauaji ya kimbari, yaani kuwasaka na kuwaua raia wa Kitutsi, wake kwa waume, wazee na watoto wachanga, kwa kuwa walizaliwa Watutsi, na pamoja nao Wahutu waliokataa kuyaunga mkono mauaji hayo. Umoja wa Mataifa hukadiria waliouawa kuwa kiasi cha watu 800,000 katika siku zipatazo mia moja, na serikali ya Rwanda hutaja zaidi ya milioni moja. Mambo haya mawili yalikwenda pamoja lakini si jambo moja, na mwaka 2006 mahakama ya kimataifa kwa Rwanda, iliyokaa Arusha, ilitamka kwamba mauaji ya kimbari ya Rwanda ni jambo lililothibiti na lisilohitaji tena kuletewa ushahidi. Video isiyoweza kuyatenga mawili hayo katika dakika zake haina haki ya kuonyeshwa, hata ikiwa picha zake ni nzuri namna gani.

Ama ufupi wenyewe si dhambi. Watafiti waliochunguza masomo ya mtandao ya edX, ambao matokeo yao yalitolewa mwaka 2014 baada ya kupima matukio milioni 6.9 ya wanafunzi kutazama video, waliona kwamba usikivu hupungua sana video ikizidi dakika 6. Wala filamu fupi za mafunzo si kitu kigeni katika nchi yetu: kati ya mwaka 1935 na 1937, huko Vugiri katika milima ya Usambara, Waingereza Notcutt na Latham walitengeneza filamu 35 hivi, nyingi zikihusu kilimo na afya, zikatembezwa vijijini Afrika Mashariki. Mtazamaji wa siku zile alitazamiwa anyamaze na kupokea. Darasani leo faida ya video ya dakika nne ni kinyume cha hayo: inaacha dakika thelathini na sita za kipindi kwa maswali, na mwalimu anaweza kuisimamisha katikati, akairudisha nyuma, akauliza ni nani asemaye, alisema lini, na nani hakuonekana.

Nayasisitiza maswali hayo kwa sababu ya mtu mmoja. Redio RTLM, iliyoanza kutangaza Kigali mwaka 1993, haikuwafunza watu chuki kwa hotuba ndefu za kuchosha. Ilitumia muziki, mzaha na maneno mafupi ya kila saa, hata mauaji yalipoanza ikawa inataja watu na mahali walipo. Miongoni mwa waasisi wake alikuwamo Ferdinand Nahimana, na kazi yake, kabla ya hayo, ilikuwa kufundisha historia katika Chuo Kikuu cha Taifa cha Rwanda. Alihukumiwa Arusha tarehe 3 Desemba 2003, pamoja na Jean-Bosco Barayagwiza na Hassan Ngeze mwenye gazeti la Kangura, na katika rufaa kifungo chake kikawa miaka 30. Mtu huyu hakukosa elimu ya tarehe. Kwa hiyo anayedhani kwamba kumjaza mwanafunzi habari za kale kunatosha kumkinga na fitina, na ajiulize elimu hiyo ilimkinga nini profesa yule. Sauti fupi, tamu, inayorudiwa mara kwa mara ina nguvu ileile ikitumwa na mwema au mwovu, na mwanafunzi asiyezoezwa kuihoji video ya mwalimu wake hataihoji ile atakayotumiwa usiku kwenye simu.

Ushahidi wa kutengenezea masomo hayo haupo mbali. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda, iliyoundwa Novemba 1994 na kufungwa mwisho wa mwaka 2015, iliwashitaki watu 93 na 62 wakahukumiwa. Kumbukumbu zake, pamoja na kanda za sauti na picha za mashauri, zimehifadhiwa Arusha. Tena taasisi ya USC Shoah Foundation ya Marekani, iliyoasisiwa mwaka 1994 ili kurekodi masimulizi ya Wayahudi walionusurika Ulaya, baadaye iliongeza masimulizi ya Wanyarwanda, na huwapa walimu vipande vifupi ambamo mtu mmoja husimulia jambo moja alilolishuhudia. Njia hiyo naipenda kuliko ile ya msimulizi asiyeonekana anayejua kila kitu, kwani shahidi mwenye uso na jina huweka mipaka ya anachokijua, na mtoto hujifunza kuitambua mipaka hiyo. Maiti zisionyeshwe. Ramani, daraja, sauti ya mtu na karatasi ya hukumu vyatosha.

Pawepo pia adabu ya darasani. Mwaka 2014 Tanzania iliwapa uraia watu zaidi ya 160,000 wenye asili ya Burundi, waliokimbia mauaji ya mwaka 1972 pamoja na wana wao, na mwalimu hajui ni mwanafunzi gani mbele yake ana bibi aliyevuka mpaka usiku. Asimsimamishe mtoto awe shahidi wa wenzake, wala asiulize kabila la mtu. Mtoto akitaka kusema mwenyewe, asikilizwe. Akitaka kutoka nje, aruhusiwe. Umeme ukikatika, kama ukatikavyo, video iliyopakuliwa mapema na kuwekwa katika flashi itangoja kipindi cha kesho bila hasara, ilimradi mwalimu awe ameyaandaa maswali yake, ambayo hayahitaji umeme.

Chuo cha Ualimu Butimba kimejulikana kwa muda mrefu kwa kuwaandaa walimu wa sanaa na muziki, na ningependa wanachuo wa mahali kama hapo wasingoje video za kuletewa. Wakiniuliza waanze na nini, ningewashauri wachukue hukumu ya tarehe 2 Septemba 1998 dhidi ya Jean-Paul Akayesu, mtu wa kwanza kutiwa hatiani na mahakama ya kimataifa kwa kosa la mauaji ya kimbari. Akayesu alikuwa mwalimu, kisha mkaguzi wa shule, kisha mkuu wa komyuni ya Taba. Mahakama iliona kwamba siku za mwanzo alijaribu kuyazuia mauaji katika eneo lake, na kwamba baada ya mkutano wa viongozi wa tarehe 18 Aprili aligeuka. Zile siku kumi na mbili, tangu ndege ilipotunguliwa hata siku ya mkutano, zaenea katika dakika nne. Video isimame hapo, kabla ya kuonyesha aligeukaje, na walimu wa kesho waandike katika daftari ni nini mwenzao huyo angaliweza kufanya asubuhi ya tarehe 19, ni nani angaliweza kumsaidia, na kingalimgharimu nini. Ndipo waisome hukumu yenyewe.