Sigara ya Kwanza na Macho ya Wenzake

Kwenye vibanda vingi vya mitaani Nairobi, kiberiti cha gesi huning'inia kwa uzi dirishani. Mteja ananunua sigara moja, anaiwasha papo hapo, anaenda zake. Kisheria biashara hiyo haipo. Sheria ya Kenya ya 2007 inakataza kumuuzia sigara aliye chini ya miaka 18, na pakiti isipungue sigara 10. Pakiti nzima humshinda mwanafunzi, ilhali moja hununulika kwa chenji ya nauli.

Bei, hata hivyo, haielezi hamu. Sigara ya kwanza ni chungu: inakohoza, inatia kizunguzungu na kichefuchefu. Nani angeirudia akiwa peke yake?

Jibu mojawapo lilitoka Philadelphia, Marekani, mwaka 2011. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Temple waliwapima watu ubongo huku wakicheza mchezo wa kuendesha gari, mara wakiwa peke yao, mara rafiki zao wakiwatazama kutoka chumba cha pili. Watu wazima hawakubadilika. Kwa vijana wa miaka 14 hadi 18 kutazamwa tu kulitosha: walijihatarisha zaidi kwenye taa za barabarani, na sehemu za ubongo zinazohusika na raha zikachangamka. Hakuna aliyewashurutisha. Ushauri wa "sema hapana" basi unamtafuta mshawishi ambaye mara nyingi hayupo.

Lakini rika lisibebeshwe mzigo wote. Kijana mwenye hamu ya kuvuta huwatafuta wavutaji wenzake. Na mtoto anayetumwa dukani kumnunulia baba sigara ameshaizoea kabla ya kuionja. Filamu nazo zimo: utafiti wa Marekani uliotoka kwenye jarida la Lancet mwaka 2003 uliwafuatilia watoto wa miaka 10 hadi 14, na walioona uvutaji mwingi zaidi kwenye filamu walikuwa na uwezekano wa karibu mara tatu wa kujaribu sigara kuliko walioona kidogo.

Nchini Iceland mwaka 1998, asilimia 23 ya vijana wa miaka 15 na 16 walivuta kila siku. Kufikia 2016 walibaki asilimia 3. Mahubiri yalichangia kidogo. Kilichobadilishwa ni jioni zao. Mji mkuu, Reykjavik, huzisaidia familia kulipia ada za michezo na muziki. Wenye miaka 13 hadi 16 hawaruhusiwi kuzurura baada ya saa 4 usiku majira ya baridi. Wazazi nao walipeana zamu za kutembea mitaani usiku wa wikendi, kazi yao kubwa ikiwa kuonekana.