Kinga na Kinga: Moto wa Nyasi katika Nyanda za Kaskazini za Marekani



Leo napenda kuwaeleza habari za nchi iliyo mbali nasi, nchi ya tambarare kubwa iliyo katikati ya Marekani upande wa kaskazini, karibu na mpaka wa Kanada. Hapo pana majimbo ya North Dakota na South Dakota, na sehemu ya mashariki ya Montana, na sehemu ya kaskazini ya Nebraska. Nchi hiyo huitwa Nyanda za Kaskazini. Watu wake wengi wa mashambani ni wafugaji wa ng'ombe na wakulima wa ngano. Miti ni michache. Jicho la mtu laweza kwenda maili nyingi lisione ila nyasi na mbingu. Wakati wa baridi maji huganda, na theluji huifunika ardhi.

Mtu akiulizwa ni lini moto wa nyasi huogopwa katika nchi hiyo, yamkini atajibu kwamba ni katika joto la Julai na Agosti. Jibu hilo si la uongo, maana mioto ya wakati huo ipo, tena mikubwa. Walakini wenyeji huuogopa sana moto wa Machi, Aprili na Mei, wakati theluji imekwisha yeyuka na majani mabichi hayajachipua. Mara nyingi asubuhi ya siku kama hiyo ni ya baridi, na makorongoni mngali mna mabaki ya theluji, na huku juu, penye jua, moto unakimbia kupita farasi. Jambo hili lina sababu zake, nasi tukizifahamu tutafahamu pia jinsi wataalamu wa hali ya hewa wanavyopima hatari kabla haijafika.

Wahenga wetu walisema, Kinga na kinga ndipo moto uwakapo. Katika nyanda hizo vinga ni vitatu: nyasi, hewa na upepo. Kimoja peke yake hakitoshi.

Tuanze na nyasi. Nyasi za mwaka uliopita hufa kwa baridi, zikabaki zimesimama, rangi yake kama majani makavu ya mpunga. Theluji ikiwa nyingi na nzito, huzilaza chini zikashikamana, na moto hauzipiti upesi. Lakini theluji ikiwa haba, nyasi hubaki wima, hewa ikipita kati yake, nazo huwa kuni tayari. Tena jani la nyasi ni jembamba sana. Gogo la mti lililolowa huhitaji siku nyingi kukauka. Jani hukauka ndani ya muda wa saa moja hivi, kukiwa na jua na upepo. Kwa hiyo mvua ya jana si kinga ya leo. Na hapa pana jambo ambalo wengi hawalitazamii: mvua nyingi za mwaka uliopita huweza kuongeza hatari, maana ndizo zilizootesha nyasi nyingi. Mwaka wa neema huandaa kuni za mwaka ufuatao.

Kinga cha pili ni hewa. Hewa ya wakati wa baridi haina unyevu mwingi ndani yake. Jua la Machi na Aprili linapoipasha moto hewa hiyo, ukavu wake huzidi, nayo hunyonya maji kutoka katika kila jani. Zaidi ya hayo, pepo zitokazo magharibi hushuka kutoka Milima ya Rocky, na hewa inaposhuka mlimani hupata joto na kukauka.

Kinga cha tatu ni upepo, nao ndio bwana wa yote. Katika miezi hiyo hewa baridi ya kaskazini na hewa ya joto ya kusini hukutana juu ya nyanda na kushindana, ndiyo sababu pepo zake huwa kali. Linalotisha kuliko ukali ni kugeuka kwake. Fikirini moto unaosukumwa na upepo wa kusini. Hukimbilia kaskazini, kichwa chake chembamba, na ubavu wake mrefu wa maili kadhaa ukiwaka polepole. Ghafula hufika hewa baridi isiyo na mvua, na upepo huanza kuvuma kutoka kaskazini-magharibi. Hapo ubavu wote wa upande wa mashariki huwa kichwa. Mtu aliyekuwa akizima moto pembeni mahali pa salama hujikuta yu mbele ya moto wenye upana wa maili nyingi.

Basi, yawezekanaje kuijua hatari hiyo mapema? Serikali ya Marekani ina idara ya hali ya hewa, na ndani yake kituo kinachotoa makisio ya majira, yaani hali ya miezi mitatu ijayo. Makisio hayo hayasemi kwamba tarehe fulani itanyesha mvua. Kituo huzigawa hali katika mafungu matatu: mvua kupita kiasi cha kawaida, mvua ya kadiri, na mvua pungufu. Kama hakuna dalili yoyote, kila fungu hupewa thuluthi moja, yaani 33 katika 100. Ramani ikiandikwa kwamba upungufu wa mvua una nafasi 45 katika 100, maana yake ukavu umepata uzito. Lakini zimebaki 55 za mafungu mengine mawili. Msomaji asiyelijua hili hulaumu ramani bure, au huiamini kupita kiasi.

Kuna ramani nyingine ya ukame, nayo hutolewa kila Alhamisi tangu mwaka 1999, ikionyesha daraja tano za ukavu wa nchi. Na katika mji wa Boise, jimbo la Idaho, kipo kituo cha taifa ambamo idara zinazopigana na moto hushirikiana. Nacho kila mwanzo wa mwezi hutangaza mahali ambapo mioto mikubwa inatazamiwa katika miezi minne ijayo. Hatimaye, siku yenyewe ikikaribia, ofisi za hali ya hewa hutoa onyo liitwalo la bendera nyekundu: kwamba nyasi, hewa na upepo vinakutana leo au kesho. Makisio ya majira humfundisha mtu kujiandaa. Onyo la siku humwamuru asiwashe hata kibiriti.

Tutazame mfano. Katika mwaka 2021 mvua na theluji zilikuwa haba, na karibu jimbo lote la North Dakota lilikuwa katika ukame. Tarehe 29 Machi moto ulizuka karibu na Rapid City, South Dakota, ukateketeza ekari zaidi ya 2,000, na watu wa nyumba mamia wakaamriwa kuhama. Mlima Rushmore, penye sanamu za marais wanne, ulifungwa kwa sababu ya mioto iliyokuwa karibu. Tarehe 1 Aprili wenyeji wa mji mdogo wa Medora, North Dakota, nao walihamishwa moto ulipokaribia. Na mwaka uliofuata, 2022, mwezi huo huo wa Aprili, dhoruba kubwa za theluji ziliipiga North Dakota. Nchi ni moja, mwezi ni mmoja, hali mbili zisizofanana.

Na mwaka 2017 ulifundisha somo la namna nyingine. Theluji ya wakati wa baridi haikuwa haba, wala makisio hayakuonya sana. Lakini mvua zilikatika, joto likaja, na ukame ukaishika nchi kwa majuma machache. Mwezi wa Julai mioto ya Lodgepole, mashariki ya Montana, iliteketeza ekari kama 270,000. Dalili ya mvua ni mawingu, lakini dalili si ahadi.

Hasara ya moto huo haipimwi kwa ekari tu. Machi na Aprili ni miezi ambayo ng'ombe wengi huzaa, na ndama wa siku mbili hawezi kukimbia. Nyasi kavu zilizowekwa akiba huungua pamoja na ua wa maili nyingi. Na watu wanaotoka kuuzima, wengi wao si askari wa moto wa mshahara, bali ni wakulima na wenye maduka waliojitolea, ambao huacha kazi zao na kupanda gari lenye tangi la maji.

Mioto mingi huanzishwa na watu wenyewe: takataka zilizochomwa siku ya upepo, mnyororo wa gari uliokokotwa barabarani ukitoa cheche, gari lenye joto lililosimamishwa juu ya nyasi, au lundo la matawi lililochomwa wakati wa baridi ambalo makaa yake yalilala ndani. Waya wa umeme ukiangushwa na upepo huweza kufanya vivyo hivyo. Kwa hiyo mfugaji mwenye busara hufyeka nyasi kuzunguka nyumba, hulima ukanda wa udongo mtupu, na huweka tayari shamba lililolishwa au kulimwa ambamo ng'ombe wataswagwa. Akiambiwa ahame, huhama.

Haifai kudhani kwamba moto wenyewe ni adui wa nchi hiyo. Wenyeji wa asili wa nyanda hizo walichoma nyasi kwa makusudi tangu kale. Mizizi hubaki hai ardhini, na majani mapya huwavuta nyati. Hata leo wataalamu huchoma sehemu nyingine kwa mpango. Tofauti ni hii: wao huchagua siku ambayo vinga vyote vitatu havijakutana.

Huu ndio ufupisho wa maneno yangu. Nyasi hatuwezi kuzizuia zisikauke, wala upepo hausikii amri. Lakini cheche mara nyingi i mikononi mwa binadamu, na onyo humfikia kabla ya upepo. Mwenye kusikia na ajiandae.

Kwaherini.