Daftari la Babu

Mara nyingi mzee akifariki, watoto wake hugawana mashamba, mbuzi na vyombo vya nyumba, lakini sanduku lake la karatasi huachwa darini mpaka mchwa na panya walimalize. Katika mazungumzo haya twataka kusema habari ya sanduku hilo. Pengine ndani yake mna daftari ambalo marehemu aliandika mambo yake siku kwa siku, na daftari hilo laweza kuwaambia wajukuu mambo ambayo hapana mtu aliye hai awezaye kuyasema. Lakini halimwambii neno mtu alisomaye kwa haraka. Yafaa kuliuliza, kama shahidi aulizwavyo barazani.

Kwanza tutambue ya kuwa habari za wazee hutufikia kwa njia mbili. Mwaka 1873 alipokufa Dr. Livingstone katika kijiji cha Chitambo, mmoja wa watu waliochukua maiti yake mpaka pwani alikuwa Jacob Wainwright, kijana Myao aliyekombolewa utumwani na kusomeshwa Bara Hindi. Katika safari ile aliandika yaliyowapata, na daftari lake lipo hata leo huko Uskochi. Hii ndiyo njia ya kwanza: mtu huandika leo, wala hajui kesho italeta nini. Njia ya pili ni kama ile ya James Mbotela wa Freretown, karibu na Mombasa, ambaye mwaka 1934 alitoa kitabu chake Uhuru wa Watumwa, kinachoeleza yaliyowapata baba yake na wenzake waliotekwa kisha wakaokolewa. Mambo hayo yalikaa moyoni miaka mingi kabla ya kuandikwa. Msimulizi wa namna hii ajua mwisho wa kisa, kwa hiyo huchagua yaliyo makubwa. Mwandishi wa daftari hajui, naye huandika bei ya chumvi na kifo cha mtoto katika ukurasa mmoja. Twahitaji njia zote mbili, maana kila moja huziba pengo la mwenziwe.

Sasa twende Kisiwani, mashariki ya milima ya Upare, katika njia itokayo Same kwenda Gonja na Ndungu. Zamani misafara ya biashara kutoka pwani ilipita huko, na pamoja na misafara hiyo yalifika maandiko ya Kiarabu na lugha ya Kiswahili. Tuseme, kwa mfano tu, kijana wa Kisiwani amelikuta daftari la babu wa baba yake. Afanyeje?

Swali la kwanza ni hili: liliandikwa lini? Pengine hakuna mwaka hata mmoja uliotajwa. Basi na atazame fedha. Akiona rupia imegawanywa kwa pesa 64, huo ni uhesabu wa zamani. Tangu 1904 Wajerumani waligawa rupia kwa heller 100, na ndiko lilikotoka neno letu hela. Kwa hiyo ukurasa unaohesabu hela hizo haukuandikwa kabla ya 1904. Na ukurasa unaotaja shilingi na senti za Waingereza haukuandikwa kabla ya 1921. Vivyo hivyo, akisoma kwamba babu alipanda gari la moshi kwenda Moshi, ajue kuwa reli itokayo Tanga ilifika Moshi mwaka 1911.

Penye tarehe napo kuna mtego. Tuseme imeandikwa: "Rajabu 1334, askari wamepita, tumekimbilia milimani." Kijana akihesabu Rajabu kuwa mwezi wa saba, akadhani ni Julai, amekosea. Mwaka wa Kiislamu hufuata mwezi mwandamo, nao ni mfupi kwa siku kama 11 kuliko mwaka wa jua, hata miezi yake huzunguka katika majira yote. Tena watu wa pwani huhesabu miezi tangu kufungua saumu ya Ramadhani, wakasema mfunguo mosi, mfunguo pili, na kuendelea. Mtu asiyejua atadhani mfunguo nne ni mwezi wa nne, kumbe ndio Muharram, mwanzo wa mwaka. Mwaka 1334 ulianza Novemba 1915, na Rajabu yake iliangukia Mei 1916. Mwezi huohuo jeshi la Jenerali Smuts lilikuwa likiwafukuza Wajerumani kufuata reli na mto Pangani, na sehemu yake ilipita mashariki ya milima kuelekea Gonja. Hapo neno moja la daftari limekutana na habari ya vita vikubwa vya dunia.

Lakini daftari halikusema walikimbilia kilima gani, wala nani aliwapa chakula. Hayo huulizwa kwa wazee. Mzee atasema tu, "Ilikuwa wakati wa vita vya Wajerumani," asijue mwaka, lakini ataonyesha pango kwa kidole, kama alivyoonyeshwa na baba yake. Daftari lina mwezi, mzee ana mahali. Isaria Kimambo, mwenyeji wa Upare, alipokusanya historia ya Wapare iliyotolewa mwaka 1969, aliwaendea wazee wa koo mbalimbali na kulinganisha masimulizi yao. Mjukuu mwenye daftari naye yampasa kuwaendea wazee wa ukoo wake na wa koo za jirani pia, asiridhike na mlango mmoja.

Swali la pili: nani hakutajwa? Madaftari ya wanaume wa zamani hutaja mbuzi wa mahari kwa idadi, lakini jina la bibi harusi halimo. Hutaja zamu ya maji ya ndiva, lakini hayamtaji mwanamke aliyelima shamba lililonyweshwa na maji hayo. Basi na aulizwe bibi, na ndugu za bibi, tena mapema, maana wao hawana sanduku.

Tena ikumbukwe kwamba aliyeandika alikuwa mtu wa upande mmoja. Akiandika, "Zamu ya maji ni yangu," ameandika dai lake. Jirani yake asiyejua kuandika alikuwa na neno lake pia, nalo halikupata karatasi. Mjukuu asikimbilie barazani na daftari mkononi kumnyang'anya mtu shamba. Maandishi si haki yenyewe.

Swali la tatu ndilo zito kuliko yote. Tuseme kijana amefika katika mstari huu: "Njaa. Nimepokea mtoto wa kike kwa pishi 20 za mahindi." Katika njaa za zamani, mahali pengi pa Afrika ya Mashariki, wazazi waliweka watoto rehani wapate chakula, na wengine hawakukombolewa kamwe. Huenda mtoto yule alikulia katika boma lile, akaozwa, na wajukuu wake leo wakaitwa watu wa ukoo huo bila kujua walikotoka. Kijana atajaribiwa kuurarua ukurasa, ili jina la babu lisichafuke. Asifanye hivyo. Pengine mstari ule ndio mahali pekee duniani palipoandikwa kuwako kwake mtoto yule. Wala asiusome karamuni mbele ya watu. Awaendee kwanza wazee wawili watatu wenye busara, kisha wenye damu ile waambiwe kwa heshima, nyumbani mwao. Wao ndio wenye haki ya kujua bibi yao alitoka wapi, na waseme wenyewe kama habari hiyo itangazwe au ikae kwao.

Mwisho, twataja utunzaji. Daftari lisikae juu ya moto wala sakafuni. Liwekwe ndani ya sanduku la bati, mahali pakavu. Kila ukurasa unakiliwe au upigwe picha, na nakala iwekwe katika nyumba nyingine. Maneno yaliyofutika yasijazwe kwa kubahatisha, paachwe wazi. Na kama herufi ni za Kiarabu, atafutwe mwalimu wa chuo azisome, huku mwingine akiandika.

Babu aliandika kwa sababu hakutaka kusahau. Hakuchagua yale tu ya kumpendeza mjukuu wake. Mjukuu naye alisome lote, hata mstari ule wa njaa.